Bunduki Niliyoisafisha Mimi

Kwa miaka minne nilisafisha bunduki ya serikali, na pale Mtoni hakuna aliyejua isipokuwa mume wangu. Ninayaandika haya kwa sababu yuko mwanamke aliyeihama nyumba yake kwa kosa nililolifanya mimi. Siku aliyokuwa anafunga mizigo nilikwenda kumsaidia kukaza kamba.

Mume wangu alikuwa askari wa wanyama. Kazi yake ilikuwa kulinda mashamba ya watu wasiliwe na nguruwe, na wakati ule kulikuwa na mashamba kweli: mihogo tangu barabara ya Kilwa mpaka bondeni, minazi, nyumba za makuti zikiwa zimetupana mbali mbali. Nguruwe wakiingia shambani usiku mmoja, asubuhi mwenye shamba alilia kama aliyefiwa. Ndiyo maana serikali ikampa mume wangu bunduki, akawa anakaa nayo nyumbani, na kila mwisho wa mwezi aliipeleka mjini kwa Mzungu mkubwa wa wanyama, ambaye watu wote walimwita Bwana Nyama, ikaguliwe.

Bwana Nyama alikuwa na tabia ya kuvaa kitambaa cheupe kwenye kidole chake kidogo na kukitia bundukini. Kitambaa kikitoka na weusi, askari alikatwa posho. Mume wangu vidole vyake vilikuwa vinene kama mihogo ile aliyoilinda. Mtutu aliuweza, kwa sababu kuna kamba yake yenye uzito wa shaba mwishoni. Unaidondosha upande mmoja unaivuta upande wa pili, kitambaa kinapita. Lakini bunduki haichafuki mtutuni tu. Uchafu hujificha pale usipofika mkono. Mwezi wa kwanza baada ya kuoana akakatwa posho, wa pili akakatwa, na wa tatu nikamwambia alete hiyo bunduki nione.

Mie nilikuwa mshoni. Nilikuwa na cherehani ya mkono niliyoachiwa na mama yangu, na tangu utoto nilizoea kutoa nyuzi zilizosagikia kwenye vyuma ambako jicho halioni. Nilichukua njiti za chelewa, zile zile za ufagio, nikaziloweka zilainike, nikazizungushia vipande vya bafta nyembamba kama utambi. Nyuma ya chumba inapokaa risasi kuna vishimo viwili vya pembeni, ambamo masikio ya bolti hujikaza unapoifunga. Huvioni mpaka ulete kioo. Chelewa yangu ilipinda ikaingia, ikatoka na masizi meusi ya miaka ya askari waliotangulia. Ukucha unaovuta ganda la risasi nao una mfereji chini yake. Huo niliusafisha kwa pini ya nywele. Na bolti yenyewe, kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele, kichwa chake hufunguka kwa mkono kama kizibo cha chupa. Ndani mna sindano inayogonga risasi, na springi imeizunguka. Mle nilipeleka mafuta kwa unyoya wa kuku.

Mwisho wa mwezi ule kitambaa cha Bwana Nyama kilitoka cheupe kama kilivyoingia. Mume wangu alirudi anacheka peke yake njiani. Akaniambia, "Mke wangu, Mzungu kaniita mbele ya askari wote, kawaambia waje kwangu niwafundishe."

"Na wewe umewafundishaje?" nikamwuliza.

"Nimewaambia siri ya fundi haisemwi."

Nilifurahi kuliko inavyofaa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nilijiona hodari. Lakini siri ile ilikuwa na sababu nyingine kubwa kuliko aibu ya mume. Kwetu pwani, mwanamke hagusi silaha ya mwindaji. Wawindaji husema mkono wa mwanamke, hasa akiwa katika siku zake, huleta nuksi. Silaha hukosa shabaha au mwenye nayo huumizwa. Ingejulikana kwamba bunduki inayolinda mashamba ya Mtoni inasafishwa na mie, basi kila mhogo ulioliwa ungekuwa juu ya kichwa changu. Kwa hiyo nilisafisha mchana, mlango nimeufunga, na mume wangu ameketi barazani akizuia wageni.

Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa mjane mmoja, mwanamke wa makamo, ambaye marehemu mumewe alimwachia nyumba na minazi saba. Alifuga kuku. Mwanamke mwema, lakini ulimi wake haukuwa na breki. Alinifundisha kupika mafuta ya nazi mpaka yakauke maji yote na harufu ipungue, na kila nilipoumwa alikuwa wa kwanza kuingia. Alichochukia kimoja tu, mlio wa bunduki. Mume wangu akijaribu risasi uwanjani, kuku waliolalia waliruka wakaacha mayai yapoe.

Basi vita vya pili vya Wazungu vikaja, vitu vikaadimika madukani. Mafuta ya cherehani hayakuonekana tena. Cherehani yangu ikaanza kulia kama mlango wa zizi, na nguo za watu ziko mezani. Ndani ya kitako cha bunduki mlikuwa na kichupa cha shaba cha mafuta mazuri ya serikali, mepesi, yasiyo na tope. Nikaiba tone. Kesho yake nikaiba lingine. Kichupa kilipoonekana kupungua, nikakiongezea mafuta ya nazi.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Mafuta ni mafuta, nilijiambia. Yale ya nazi tunapaka nywele, tunapaka watoto, tunachulia viungo, chuma nacho kina shida gani? Miezi ya joto ilipita bila tatizo lolote. Mafuta yalikuwa maji, bunduki ililia vizuri, nguruwe walikufa, na mie cherehani yangu ilikwenda kimya. Pua ya mume wangu ilizibwa na ugoro zamani, hakunusa kitu. Ikafika mahali kichupa kile kilikuwa na nazi zaidi kuliko mafuta ya serikali.

Kila mtu wa Dar es Salaam anajua mafuta ya nazi hufanya nini wakati wa kipupwe. Asubuhi unakuta chupa imeganda, nyeupe, unaianika dirishani jua liiyeyushe ndipo uchane nywele. Nilijua hilo tangu sijaota meno. Lakini akili yangu iliweka bunduki upande mmoja na chupa ya nywele upande mwingine, na sikuvikutanisha kamwe.

Kipupwe kilikuwa ndio kwanza kimeingia na ukaguzi ulikuwa karibu, kwa hiyo nilisafisha bunduki kwa bidii kuliko siku zote. Nilifungua kichwa cha bolti, nikaondoa utando wa zamani, nikajaza mafuta mle kwenye springi mpaka yakafurika. Nilipomaliza, mume wangu akatoka nayo uwanjani kuijaribu, jua la saa tisa likiwaka. Ililia. Kuku wa jirani yangu wakatawanyika. Yule mama akasimama upande wake wa ua, mikono kiunoni, mbele ya watu watatu wanne waliokuwa wakipita.

"Baba, mayai kumi na moja hayo umeniulia," akasema. "Mwenyezi Mungu aijalie bunduki yako iwe bubu walau siku moja, na sie tupumzike."

Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akaomba radhi.

Siku ya tatu yake wanaume wakapanga kuwazingira nguruwe waliokuwa wamejificha kwenye kichaka cha bondeni. Walitoka baada ya sala ya alfajiri, na nyavu, mikuki na madebe ya kupigia kelele. Umande ulikuwa mwingi na baridi ilikuwa inauma. Mume wangu alisimama kwenye mdomo wa wavu, kwa sababu ndiye mwenye bunduki. Karibu naye alisimama kijana mmoja mkwezi wa minazi, mtu aliyekuwa akipanda minazi yetu sote, ameshika mkuki. Sikuwapo, haya nimeyasikia kwa mume wangu, na baadaye kwa mkwezi mwenyewe.

Nguruwe dume alitoka. Mume wangu akamngoja mpaka hatua tano, akafyatua. Bunduki ikasema tak, kama mtu aliyebofya ulimi. Akavuta bolti, akatia risasi nyingine, akafyatua. Tak. Nguruwe akawa amefika. Aligeuka kwa mkwezi akampiga pembe nyuma ya goti, akamkata mshipa ule mkubwa unaovuta mguu. Wenzake walimmaliza nguruwe kwa mikuki, lakini mguu ulikuwa umekwisha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akisuka makuti chini, na mnazi hakupanda tena.

Mie nilikuwa nyumbani nasikilizia mlio. Niliamka nikataka kuchana nywele, nikakuta mafuta yameganda, nikaiweka chupa dirishani. Nilisikia madebe, nikasikia kelele, mlio sikuusikia. Kisha wakapita wamembeba mkwezi kwenye kitanda cha kamba, damu inadondoka barabarani.

Bunduki ililetwa ikalazwa juu ya jamvi uwanjani kwetu, na watu wakajaa. Waliitazama kama watu wanaotazama maiti. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliitwa, akaja akasoma dua, taratibu, mpaka jua likawa kichwani na chuma kile hakishikiki kwa moto. Alipomaliza akamwambia mume wangu aijaribu kwa risasi zile zile mbili zilizokataa. Mume wangu akalenga kisiki cha mnazi. Zote mbili zililia, na vipande vya kisiki vikaruka.

Watu wakasogea kukitazama kisiki. Halafu mzee mmoja akasema, "Ilifungwa, sasa imefunguliwa." Na mwingine, mmoja wa wale waliokuwa wakipita juzi yake, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeomba iwe bubu siku moja. Vichwa vyote viligeuka kwenye ua wa jirani yangu. Yule mzee akamgusa mume wangu begani: "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niligeuza macho nisitazamane na mtu, yakaangukia dirisha, nikaiona chupa yangu. Mafuta yalikuwa yameyeyuka, yamekuwa maji kabisa. Nilielewa pale pale: alfajiri yale ya kwenye springi yaliganda hivyo hivyo, sindano ikakosa nguvu ya kugonga. Sikuhitaji fundi wala mwalimu kunieleza. Nikakaa kizingitini nikalia, na wanawake wakadhani namlilia mkwezi, wakaniletea maji.

Ningeweza kusema. Watu walikuwa bado wamesimama, jirani yangu alikuwa bado na sahani ya pumba mkononi akiuliza kuna nini. Neno moja tu. Lakini neno hilo lingefuatana na mengine: kwamba mie mwanamke ndiye niliyekuwa nikiishika bunduki ile miaka minne, kwamba mume wangu alisifiwa kwa kazi isiyo yake, kwamba niliiba mafuta ya serikali. Nikanywa yale maji.

Jioni, jua halijazama, mume wangu aliniita ndani. Alikuwa amekaa kitandani, uso umemsawajika. Akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Mama, nambie ukweli, sitakupiga wala sitakuacha. Siku ulipoishika, ulikuwa safi?"

"Nilikuwa safi," nikamjibu. "Naapa."

Na kweli nilikuwa safi. Akashusha pumzi. "Basi ni yule," akasema. Nilikuwa nimejibu swali lake kwa haki, na kwa jibu lile la haki nikamtia mtu hatiani. Hakuniuliza juu ya mafuta kwa sababu haikumjia akilini kuuliza, na mie sikumsaidia.

Bwana Nyama hakuamini habari za kufungwa. Aliifungua bunduki kipande kipande mjini mezani kwake, mchana, akatia kidole chake chenye kitambaa kila mahali, hata kule ambako chelewa zangu zilifika, akakuta hakuna hata punje ya masizi. Akapiga nayo risasi, ikalia. Akamwambia mume wangu kwamba bunduki safi namna ile haikatai. Aliyekataa ni mtu, na mtu huyo alikuwa ameogopa nguruwe. Akamwachisha kazi siku hiyo hiyo. Usafi wangu ndio uliomfukuzisha. Mume wangu akaenda kubeba magunia bandarini, na mpaka anakufa alisimulia jinsi alivyofungiwa bunduki. Mara moja nilianza kumwambia, nikafika kwenye neno "mafuta," nikamwona anavyonitazama, nikamalizia kwa kusema yamekwisha jikoni. Nilijidai namwonea huruma, kwamba nikimnyang'anya hadithi ile atabaki na neno la woga peke yake. Labda ni kweli kidogo. Zaidi nilijionea huruma mwenyewe.

Jirani yangu hakupigwa wala kufukuzwa. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Waliacha tu kununua mayai yake. Akifika kisimani, wanawake walijikumbuka wana kazi nyumbani. Mtoto akiugua homa mtaa wa tatu, mtu alipita mbele ya mlango wake akatema mate. Kuku wake watatu walikutwa wamepigwa mawe. Mie niliendelea kumwamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama," kwa sauti ya kusikika, na watu wakasema nina moyo wa dhahabu, maana mimi ndiye niliyedhulumiwa. Nilipokea sifa hiyo pia.

Siku moja alinishika mkono uani. "Mwanangu," akasema, "sie ukuta wetu mmoja. Wewe unaamini nimefanya?"

Nikamwambia, "Watu hawakosi la kusema, mama. Watanyamaza wenyewe."

Alisubiri kidogo, kama anayedhani sijamaliza. Kisha akaniachia mkono. Nimepata kuwa mwongo mara nyingi maishani mwangu, katika mambo madogo ya sokoni na ya ndoa, lakini siku ile sikusema hata neno moja la uongo, na ndiyo siku ninayoionea haya kuliko zote.

Hawakunyamaza. Kabla mvua za vuli hazijaanza alihama, akaenda kwa kaka yake Kinondoni, ng'ambo ya pili ya mji. Nyumba hakupata wa kuinunua, kwa sababu nani angelala mle? Nilikwenda kumsaidia kufunga vitu, nikakaza kamba za mkeka, nikampa kanga mpya ya zawadi. Alilia akanibariki, akasema Mtoni nzima nilikuwa na utu mimi peke yangu. Mvua zilipokuja paa likavuja, na watu wakaanza kuchomoa makuti mazuri yaliyobaki wakaezekee vyoo vyao.

Ilipita miaka zaidi ya kumi. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Nilipata kazi ya kushona nguo za arusi Kinondoni, na niliposikia kwamba yule mama yu hai na anakaa nyumba ya tatu kutoka pale, nikajiambia kwamba leo ndiyo leo. Nilikwenda mchana. Njiani niliyapanga maneno: nitaanza na cherehani, nitafika kwenye kichupa, nitamwambia kwamba hakuwa na kosa lolote, kwamba ni mkono wangu. Sikuogopa tena nuksi wala wawindaji. Nani alikuwa amebaki wa kunidhuru?

Alikuwa amezeeka sana, jicho moja limeingia ukungu, lakini alinijua kwa sauti kabla sijavua viatu. Alinikumbatia akaninyima nafasi ya kusema, akampa mjukuu kazi ya kuongeza wali, akaniketisha mkekani. Nikafungua mdomo. Akaniwekea kiganja gotini.

"Ngoja niseme mie kwanza," akasema, "maana nimengoja muda mrefu, na huenda nikafa. Mwanzoni nilikuwa nakataa. Nikasema wananionea. Lakini mwanangu, mie nililisema lile neno. Nililisema kwa Mungu, na nilikuwa na hasira kwelikweli. Nimelifikiria miaka yote hii. Bunduki ikawa bubu siku moja, kama nilivyoomba, wala haikuzidi. Sasa ni nani kama si mie?"

Nikasema, "Mama."

"Nimefunga saumu kwa ajili ya mguu wa yule kijana. Nilimtumia salamu kuomba radhi, akanijibu kanisamehe, Mungu ambariki. Mumeo sikumwahi. Ulimi wangu ulimwachisha kazi mtu mwema, akabeba magunia mpaka kufa, nilisikia. Mie usiku silali, mwanangu. Wewe peke yako ulinisitiri, na wewe ndiye niliyekuvunjia nyumba. Nisamehe."

Alikuwa ananitazama kwa lile jicho lililobaki. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa pale kinywani, kuanzia cherehani, na nilijua kwamba nikiyatoa nitampa usingizi wake, ila atajua pia nilikuwa nani siku zile zote nilipomwamkia kwa sauti ya kusikika, na kanga ile ilikuwa kanga ya nini. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi. Nilikuwa mjane kama yeye. Mjukuu akaja na sahani.

"Nimekusamehe, mama," nikamwambia.

Akashusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akanishukuru mara tatu. Mie nikanawa mikono, nikala chakula alichonipikia.